Mwenye Kuendesha Mchezo Anakaa Wapi?



Wiki iliyopita mama mmoja alinitumia ujumbe wa sauti. Zamani alikuwa katika kambi moja kando ya barabara ya Sake, leo anaishi kwa familia iliyompokea. Alisema hivi: "Papa wa redio, ule mchezo wa Jumamosi mulikuwa munacheza na batoto, ule wa kopo, unachezwaka namna gani? Hapa kuko batoto wengi, masomo imesimama. Mimi mwenyewe nataka kubachezesha. Uniandikie sheria."

Nilianza kumwandikia sheria. Zilijaa nusu ukurasa, nikaona nimemaliza. Kisha nikasoma tena nikaona sijamsaidia, kwa sababu sheria hazikuwa shida yetu hata siku moja. Shida ilikuwa mimi: mahali niliposimama, mikono yangu, sauti yangu, simu yangu. Basi namjibu hapa mbele yenu wote, maana najua kuna baba, mama na vijana wengine wanaokusanya watoto jioni na kuwatolea hadithi.

Kwanza mchezo wenyewe. Ni mchezo wa hadithi. Watu wanaketi kuzunguka meza. Mmoja ni mwendesha mchezo: yeye anaeleza mahali, hali ya hewa, na watu mnaokutana nao njiani. Wengine wote, kila mmoja anachukua mtu mmoja wa ndani ya hadithi, anamsemea na kumwamulia. Mwendesha anasema: "Mmefika kwenye mto, daraja limevunjika. Mnafanya nini?" Mmoja anasema anatafuta kamba, mwingine anasema anaogelea. Jambo likiwa gumu, dadu ndiyo inakata shauri. Hakuna mshindi. Hadithi inaendelea Jumamosi nyingine pale ilipoishia.

Mchezo huu ulizaliwa Marekani. Gary Gygax na Dave Arneson walitoa ule wa kwanza, Dungeons & Dragons, mwaka 1974, na ulichapwa katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Kabla ya hapo wao na rafiki zao walikuwa wanacheza michezo ya vita, wakisogeza askari wadogo juu ya meza. Jambo jipya lilikuwa kwamba mchezaji aliacha kuwa jemadari wa jeshi zima, akawa mtu mmoja tu, mwenye jina lake, mwenye njaa yake na woga wake.

Mimi niliujua wakati wa mafunzo ya uandishi wa habari. Mwanafunzi mwenzangu alikuwa na kitabu chake kwa Kifaransa, kurasa zingine zimeshatoka. Umeme ukikatika usiku, na ulikuwa unakatika karibu kila usiku, tuliwasha mshumaa akatuchezesha. Sikufikiri kwamba siku moja mimi ndiye nitachezesha wengine.

Mwaka 2024 nilikuwa naenda kambini karibu kila wiki kwa kazi. Tangu Februari watu walikuwa wanafika kwa wingi kutoka Sake na vijiji vya Masisi. Kila nilipotoa kinasa sauti, watoto walinizunguka. Walitaka kusikia sauti zao. Siku moja niliwaambia: "Semeni hadithi, nirekodi." Msichana wa miaka kumi na mitatu hivi alianza, mwingine akamkatiza, wa tatu akasema hapana, yule mbuzi hakufa. Wakawa wanabishana ndani ya hadithi. Hapo nikakumbuka kile kitabu.

Komite ya kambi ilitupa darasa la mbao na bashi, Jumamosi baada ya saa nane. Watoto walikuwa wanane. Dadu ya mchezo ule ina pande 20, hatukuwa nayo. Tuliokota vizibo 20 vya chupa, tukaandika namba 1 mpaka 20, tukavitia ndani ya kopo la Nido. Unaingiza mkono bila kutazama, unatoa kimoja, unasoma namba, unakirudisha. Kumi na moja au zaidi, umefaulu. Jambo gumu sana, kumi na tano au zaidi. Ndiyo ile nusu ukurasa ya sheria, sasa mnaijua.

Hadithi yetu ilikuwa ya mtumbwi. Wasafiri wanavusha dawa ya mifugo mpaka kisiwani, kwa sababu ng'ombe wa kule wanaumwa. Niliweka ziwa kwa kuwa watoto wengi walikuwa hawajawahi kupanda mtumbwi, nikataka wawe mbali kidogo na yale waliyoyaona. Sikuweka askari hata mmoja. Nilijiona nimefikiri vizuri.

Sasa nieleze jinsi nilivyoendesha siku ile ya kwanza.

Nilisimama. Mimi ni mrefu, na watoto walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya chini. Nilisimama mlangoni, maana pale ndipo palikuwa na mwanga wa kusomea karatasi zangu. Mbele yangu niliweka ubavu wa katoni, kama kitabu kilivyoonyesha, ili watoto wasione nilichoandika. Waendesha mchezo wengi wanafanya hivyo: nyuma ya kizuizi wanaficha ramani, wengine wanarushia dadu zao huko huko. Macho yangu yalikuwa kwenye karatasi. Sauti yangu ilikuwa ile mnayoijua, ya saa moja asubuhi, ya kusoma habari.

Mtumbwi ulifika katikati ya ziwa. Nikasema mawingu yamekuwa meusi. Nikasema upepo. Kisha, kuonyesha radi, nikapiga ubao wa meza kwa kiganja, kwa nguvu zote.

Mvulana aliyekuwa karibu nami alikuwa chini ya benchi kabla mkono wangu haujatoka mezani. Wawili waliruka kuelekea mlangoni. Na mlangoni nilikuwa nimesimama mimi. Waligonga tumbo langu, wakarudi nyuma, wakanitazama. Sitasahau vile walivyonitazama. Hawakuniona mimi. Waliona mtu mkubwa amesimama mlangoni, mwanga uko nyuma yake, uso wake hauonekani.

Hakuna aliyelia. Yule mvulana alitoka chini ya benchi, akasema: "Sikuogopa. Biki yangu ndio ilianguka." Alikuwa hana biki. Yule msichana wa miaka kumi na mitatu akaniambia polepole, kwa heshima, kama mtu anayemsemesha mzee: "Yaya, usipige tena ile meza."

Nilifunga mchezo. Nilirudi mjini na pikipiki, na njia yote nilikuwa nafikiri juu ya kosa langu. Nilifikiri kosa ni kelele. Kelele ilikuwa kosa, ni kweli, lakini ilikuwa moja tu. Hata bila kelele, mlango ungekuwa umefungwa na mwili wangu. Hata bila kelele, uso wangu ungekuwa gizani na mikono yangu nyuma ya katoni. Watoto waliokimbia vita wanasoma mtu kabla hajafungua kinywa. Wanasoma mikono yake, wanatafuta njia ya kutokea. Mimi nilikuwa nimewafungia vyote viwili.

Na nilielewa kwa nini sikuona. Mimi ni mtu wa redio. Katika kazi yangu mwili hauna kazi. Naweza kusoma habari nimevaa kandambili, mkono uko shavuni, hakuna anayejua. Miaka kumi nimejifunza kuwa sauti peke yake.

Niliwahi kusoma jambo moja juu ya Gygax mwenyewe ambalo lilinirudia wiki ile. Mmoja wa wachezaji wake wa mwanzo amesimulia kwamba Gygax alikuwa anakaa kwenye meza yake ya kazi, anavuta nje droo za kabati la mafaili, anajificha nyuma yake. Wachezaji hawakumwona. Walisikia sauti tu ikitoka nyuma ya kabati, ikiwaambia wako katika pango, kuna giza, kuna kitu kinatembea. Kwao ilikuwa raha kubwa. Na mimi naelewa: ile ni redio kabisa. Lakini wale walikuwa ndani ya nyumba ya amani huko Wisconsin. Mchezo ukiisha, wanatoka, wanarudi kwao kulala. Sauti iliyojificha inampendeza mtu ambaye hana sababu ya kuuliza ni nani anajificha.

Kisha nikakumbuka mfano mwingine, wa huku kwetu, na tofauti ikanishangaza. Wengi wenu mmesikia juu ya Mwindo, shujaa wa hadithi ya Wanyanga, ndugu zetu wa upande wa Walikale. Mwaka 1956 msimulizi mmoja wa Kinyanga, Shekarisi Rureke, aliisimulia hadithi hiyo kwa siku kumi na mbili mbele ya mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck. Biebuyck na Kahombo Mateene, ambaye ni Mnyanga mwenyewe, waliitoa kitabuni mwaka 1969. Rureke hakujificha nyuma ya kitu. Alisimulia, akaimba, akacheza, akaigiza kwa mwili wake yale yanayompata Mwindo, mkononi kibuyu cha kuchezesha, vijana wakipiga fimbo pembeni na kuitikia. Kila mtu alimwona mzima. Hadithi ile ina mambo ya kutisha, baba anataka kumuua mtoto wake. Lakini anayeyasema ni mtu mnayemjua, anatoa jasho mbele yenu, na ninyi wenyewe mnashika sehemu ya wimbo.

Sikusema nitakuwa Rureke. Sijui kucheza. Lakini niliona kwamba kuna njia mbili za kubeba hadithi, na kwa watoto wale nilikuwa nimechagua ile isiyowafaa.

Jumamosi iliyofuata walikuja sita. Wawili hawakurudi tena, na hilo ni juu yangu.

Siku ile nilifanya hivi. Nilikaa. Nilitafuta bido tupu la mafuta nikaligeuza kiti, ili macho yangu yawe sawa na macho yao. Niliweka mgongo wangu ukutani, upande wa ndani kabisa, na watoto upande wa mlango. Mtu akitaka kutoka, atoke bila kunipita. Mwanga ulikuwa unaingia mlangoni na kunipiga usoni, wakaniona vizuri. Nilikuwa siwezi kusoma karatasi zangu kwa raha, basi nikaziacha. Katoni nilimpa mama mmoja wa komite aliyekuwa anakaa nasi, akaiwashia jiko.

Mikono niliiweka juu ya meza, mahali inapoonekana. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Sikuwa najua kwamba nikifikiri naficha mikono mfukoni, au naipeleka nyuma ya kichwa ghafla. Mtoto aliye karibu alikuwa anajikunja kila nilipoinua mkono. Nilijifunza kuinua polepole. Kopo liliwekwa katikati. Mimi pia nilitoa vizibo vyangu mbele ya wote. Dhoruba ikishinda, wameona namba kwa macho yao, hakuna anayesema nimewaonea.

Kwa sauti, niliacha ile ya habari. Nilisema kama mtu anayezungumza na jirani. Nikaona kitu ambacho redio haikunifundisha: ukinyamaza kidogo, watoto wanasogea karibu. Kwenye redio ukinyamaza sekunde tano, mkubwa wako anapiga simu kuuliza kama mtambo umekufa. Mezani, kimya kinampa nafasi yule mtoto ambaye siku zote anachelewa kusema. Tulikuwa naye mmoja wa hivyo. Ilifika mwezi mzima hajasema zaidi ya "niko pale pale". Siku moja nilinyamaza, nikainama kidogo upande wake, sikumkazia macho, nilitazama kopo. Akasema: "Mimi nafunga kamba ya mtumbwi, juu isikatike." Kuanzia siku hiyo alikuwa mtu wa kamba. Kila hatari ikija wenzake wanamgeukia: "Kamba iko?" Naye anajibu: "Iko."

Na mvua? Mvua waliifanya wenyewe. Niliwaambia: "Kwenye ziwa mvua inaanza. Nani ataifanya?" Wakagonga meza kwa ncha za vidole, kwanza mmoja, kisha wote. Radi tulikubaliana kwamba anayetaka kuipiga anasema kwanza: "Napiga." Wengine wanajibu: "Piga." Yule mvulana wa biki ndiye alikuwa anapenda kupiga kuliko wote. Kelele ile ile iliyomtia chini ya benchi, sasa ilikuwa yake.

Tuliweka pia jiwe. Wachezaji wa kule nje wana desturi ya kuweka mezani karatasi yenye alama ya X. Mmarekani John Stavropoulos ndiye aliyeibuni. Hadithi ikimfikisha mtu mahali asipotaka, anagusa karatasi, jambo lile linaondolewa, haulizwi kwa nini. Sisi mawe ya volkano ndiyo tunakanyaga kila siku, basi tuliweka jiwe jeusi la ukubwa wa ngumi kando ya kopo. Lakini jiwe linafanya kazi tu kama mwili wa mwendesha unalikubali. Mara ya kwanza mtoto alipoligusa, tulikuwa tumefika kwenye nyumba isiyo na watu, mlango uko wazi. Nilikuwa nimeipenda sana nyumba ile. Nadhani nilikunja uso kidogo, maana aliondoa mkono wake haraka, akasema: "Hapana, endelea tu." Sikuendelea. Nilisema: "Basi hakuna nyumba, kuna shamba la mahindi." Lakini nilijua uso wangu ulikuwa umeshamnyima kile ambacho kinywa kilimpa. Tangu siku hiyo, mtu akigusa jiwe, naitikia kwa kichwa kwanza, halafu ndipo nasema.

Iko tabia moja ambayo ninyi wenye kazi kama yangu mtaielewa. Simu. Mwandishi wa habari hazimi simu. Ilikuwa mfukoni mwangu, inatetemeka. Nilikuwa naitazama chini ya meza, nusu dakika tu, kisha narudi kwenye mtumbwi. Nilifikiri hawaoni. Jumamosi moja nilisoma habari za mapigano karibu na Sake, nikarudisha simu, nikasema kwa sauti ile ile: "Basi, mmefika ufukweni." Yule msichana akauliza: "Yaya, ni kwetu?" Hakuuliza juu ya ufuko. Alikuwa amesoma uso wangu kama mimi ninavyosoma ujumbe. Wote sita walikuwa wananitazama. Nilimjibu ukweli, kwamba bado sijui, na kwamba nikijua nitamwambia mama yake kwanza. Baada ya hapo simu nilimkabidhi yule mama wa komite kabla ya kuketi. Kama ni jambo la lazima, angekuja kunigusa bega.

Sasa ile siku yenyewe. Ilikuwa karibu saa kumi. Tulikuwa kisiwani, tunatafuta mchungaji. Mlio mzito ukasikika kutoka upande wa magharibi, bashi ikatikisika. Kisha mwingine.

Nitasema ukweli: nilitaka kuruka. Magoti yangu yalikuwa yanagongana. Lakini meza ilikuwa juu ya magoti, hawakuyaona. Waliona mikono yangu juu ya mbao, na uso wangu kwenye mwanga. Niliacha mikono pale pale. Nikasema, polepole: "Hiyo si ya mchezo. Hiyo ni ya kweli, na iko mbali." Nilisema iko mbali kwa sababu kwa masikio ya kazi yangu niliisikia iko mbali. Kama ingekuwa karibu ningesema tutoke, na mlango ulikuwa wazi nyuma yao. Yule msichana akaweka mkono wake juu ya jiwe. Mwingine akaweka juu ya mkono wake. Mchezo ukasimama. Yule mama alitazama nje, akasema watu hawajakimbia. Tulikaa hivyo, sijui dakika ngapi, tunahesabu pamoja muda kati ya mlio na mlio, mpaka mlio haukuja tena.

Mvulana wa biki hakuwa chini ya benchi. Alikuwa amekaa, amelishika kopo kwa mikono miwili ili vizibo visimwagike. Baadaye aliuliza: "Na mtumbwi uko wapi?" Yule wa kamba akajibu: "Nilifunga."

Sisemi kwamba mchezo uliwaponya. Mimi si daktari, na usiku wao walilala chini ya bashi zile zile. Nasema tu kwamba watoto waliweza kujua, katika saa ile, kipi ni hadithi na kipi si hadithi, kwa sababu mtu aliyekuwa anatoa hadithi hakuwa amewadanganya na mwili wake. Kama ningekuwa bado ninapiga meza bila kusema, wangejuaje kwamba mlio ule hautoki kwangu?

Kabla sijamaliza, nieleze jambo lililonirekebisha mimi mwenyewe. Mwezi wa mwisho nilichelewa, nikafika nikakuta wameanza. Yule msichana alikuwa anaendesha. Nilikaa nje ya mlango nikasikiliza. Nilitegemea atakaa kwenye bido langu, mikono mezani, kama mimi. Hapana. Alikuwa amesimama. Alikuwa anatembea kuwazunguka, mikono yake inakata hewa, anainama, anakuwa mbuzi, anakuwa mchungaji mzee mwenye kifua. Kila kitu nilichojikataza, yeye alikuwa anakifanya, na watoto walikuwa wanacheka mpaka wanashikana.

Nilitazama vizuri. Kila alipotaka kupita nyuma ya mtu, aligonga benchi kwa kidole, mara mbili, tik tik, ili yule mtu ajue anakuja. Kabla ya kupaza sauti alisema: "Napiga." Na hakusimama mlangoni hata mara moja.

Basi nikaona kwamba kukaa haikuwa sheria. Kukaa ilikuwa dawa ya mtu kama mimi, mrefu, mgeni, mwanaume, ambaye alikuja na sauti ya redio. Yeye alikuwa mmoja wao, mwili wake haukumfungia mtu njia. Jambo ni moja tu: wanaokusikiliza wajue kila wakati uko wapi, na unataka kufanya nini.

Mwanzoni mwa 2025 kambi zile zilivunjwa. Familia zilitawanyika, zingine zilirudi vijijini, zingine ziko kwa ndugu, zingine sijui. Darasa la mbao halipo. Kopo la Nido lilibaki kwa yule msichana, nilimwachia mwenyewe.

Kwa hiyo mama yangu uliyenitumia ujumbe, sheria umezipata hapo juu, vizibo 20 na kopo. Haya mengine ndiyo nilitaka uyapate. Chagua mahali ambapo mlango uko upande wa watoto. Kaa mahali uso wako unapata mwanga. Mikono ionekane. Simu mpe mtu. Kabla ya kelele, sema. Mtoto akigusa jiwe, itikia kwa kichwa, usiulize. Hofu yako ukiwa nayo, na utakuwa nayo, ificheni wewe na meza.

Na ule ujumbe wako, niliusikiliza mara tatu. Nyuma ya sauti yako kuna watoto wanacheza, na kati yao kuna mmoja anagonga kitu cha mbao kwa kidole, mara mbili, halafu mara mbili tena. Kama ni binti yako, basi hukuwa na haja ya kuniandikia mimi. Muulize yeye.